Aliyembeba Naye Aulizwe

(Maneno haya niliyatoa mbele ya mkutano wa Waafrika Mashariki tunaoishi Guangzhou. Nimeyapanga upya kidogo ili na ndugu zetu walioko nyumbani wayasome na kuyajadili.)



Suala la mabinti zetu wanaoletwa huku kwa ahadi za uongo si geni katika vikao vyetu. Tumelizungumza mara nyingi, na kila mara tumewalaani watu wale wale: aliyemdanganya binti kule nyumbani, na yule "mama" anayempokea hapa na kumnyang'anya pasipoti. Wanastahili kulaaniwa, sina ubishi. Lakini katikati ya hao wawili kuna kilomita elfu kadhaa za bahari na nchi kavu, na binti hakuzivuka kwa ungo. Kuna aliyemkatia tiketi, aliyempangia kiti, aliyempa chakula njiani na aliyelipwa nauli. Huyo hatumtaji kamwe. Leo naomba tumtaje.

Kazi yangu wengi wenu mnaijua. Napokea mizigo ya wafanyabiashara, naikusanya stoo, najaza kontena na kuipeleka bandarini kwa safari ya Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar. Katoni moja ya viatu kutoka Sanyuanli haiondoki bila karatasi inayosema imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, ndani yake kuna nini na thamani yake ni kiasi gani. Nikiandika uongo mzigo unazuiwa, na mimi nawajibishwa. Hakuna ofisa wa forodha atakayenielewa nikimwambia, "Mimi mbebaji tu, bwana, ya ndani siyajui."

Sasa niambieni. Binti wa miaka kumi na tisa anatua uwanja wa Baiyun. Tiketi yake imelipwa na mtu asiyemjua. Hajui anakwenda mtaa gani. Namba ya simu aliyopewa ndiyo ile ile waliyopewa wasichana watatu waliokuja mwezi uliopita. Mbebaji wake hakuuliza hata swali moja, na sheria haikumtaka aulize. Yaani katoni la viatu lina ulinzi kuliko mtoto wa mtu!

Mbinu zenyewe mnazijua, lakini kwa ajili ya wasomaji wa nyumbani nizieleze kwa kifupi. Binti anaahidiwa kazi ya hoteli, saluni au duka. Anatafutiwa pasipoti halali na viza halali, mara nyingi ya biashara au ya matembezi, ya siku chache. Akifika anaambiwa ana deni la maelfu ya dola, la tiketi, viza na "gharama za kumleta". Pasipoti inachukuliwa, na kazi aliyoahidiwa haipo. Kazi iliyopo ni kuuza mwili mpaka deni liishe, na deni lina tabia ya kutoisha. Mwaka 2020 kipindi cha BBC Africa Eye kilionyesha mabinti wa Kiafrika, wakiwemo Wakenya, waliofanyiwa hivyo hivyo mjini Delhi, India. Jina la mji linabadilika, utaratibu ni mmoja.

Hapa China kuna kitanzi cha ziada. Kwa sheria ya kuingia na kutoka nchini iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, mgeni aliyepitiliza muda wa viza anaweza kutozwa yuan 500 kwa kila siku, hadi kufikia yuan 10,000, au kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Binti ambaye pasipoti yake imefungiwa kabatini kwa mtu mwingine anajikuta ni mkosaji bila kupenda. Anamwogopa polisi kuliko anavyomwogopa anayemtesa, na mtesaji analijua hilo vizuri sana.

Sheria za dunia zinasemaje kuhusu mbebaji? Itifaki ya Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara ya binadamu, ile inayoitwa ya Palermo, ilipitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika Desemba 25, 2003. Kenya ilijiunga mwaka 2005, Tanzania iliridhia mwaka 2006, China ikajiunga mwaka 2010. Ibara ya 11 inazitaka nchi zichukue hatua kuzuia, kadiri inavyowezekana, vyombo vya wasafirishaji wa kibiashara visitumike katika uovu huu. Maneno mazuri. Lakini yakija kwenye wajibu hasa wa msafirishaji, ibara hiyo inataja jambo moja tu: ahakikishe abiria ana hati za kusafiria zinazotakiwa kule aendako, na asipofanya hivyo aadhibiwe.

Hapo ndipo penye ufa, ndugu zangu. Hati!

Nchi karibu zote zimeishika njia hiyo ya hati. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1987, ikilitoza shirika la usafiri pauni 1,000 kwa kila abiria asiye na hati zinazofaa, na mwaka 1991 ikapandisha hadi pauni 2,000. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake mwaka 2001. Hapa China, ibara ya 83 ya sheria ile niliyoitaja inatoza yuan 5,000 hadi 10,000 kwa kila mtu aliyebebwa ilhali haruhusiwi kuingia au kutoka nchini. Ndiyo maana pale kaunta ya ndege, iwe Nairobi, Addis Ababa au Dar es Salaam, pasipoti yako inageuzwa mbele na nyuma, viza inakunwa kwa ukucha, na ukibahatika unaulizwa tiketi ya kurudi. Wanailinda mifuko yao. Si vibaya. Lakini binti niliyemweleza hati zake ni safi, na aliyemuuza alihakikisha ziwe safi. Kwa hiyo chujio hili, pamoja na ukali wake wote, linamnasa mkimbizi wa Kongo aliyekosa muda wa kutafuta viza, na linampitisha mtumwa mwenye viza. Shirika limefundishwa kuogopa karatasi mbovu. Halijafundishwa kumwogopea mtu aliyeuzwa.

Kuna watakaosema hii ni mitindo ya Wazungu, mara haki za binadamu, mara nini. Naomba niwakumbushe historia yetu wenyewe. Juni 5, 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Tangu mikataba iliyotangulia huo, aliyebanwa baharini ni nahodha na mwenye jahazi. Chombo kikikutwa na watumwa kinakamatwa, kinataifishwa au kuchomwa moto. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890, ambao Zanzibar nayo ilikuwamo. Mkataba huo uliwataka manahodha wa majahazi wanaobeba abiria weusi watoe taarifa kwa wakuu wa bandari. Abiria waulizwe, na ikishathibitika kwamba wanapanda kwa hiari yao ndipo waandikwe kwenye orodha maalumu, jina na maelezo ya kila mmoja.

Tuyatafakari hayo. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, katika zama za tanga na mkoloni, ilionekana ni jambo la kawaida kumuuliza abiria: unakwenda kwa hiari yako? Leo tuna kompyuta, kamera na alama za vidole, na swali hilo limepotea. Tumebaki na "Una mzigo wa kuandikisha?"

Historia hiyo hiyo inatupa maonyo mawili. La kwanza ni ujanja wa bendera. Manahodha wa Sur, kule Oman, walikuwa wakipandisha bendera ya Ufaransa ili meli za Kiingereza zisiwapekue. Ugomvi ukakua hadi Uingereza na Ufaransa wakafikishana mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa uamuzi Agosti 1905 wa kubana nani anayeweza kupewa bendera hiyo. Msafirishaji mhalifu siku zote hutafuta kivuli cha nchi isiyouliza. Ukibana Dar es Salaam peke yake, watapitia Nairobi. Ukibana Nairobi, watapitia Entebbe.

Onyo la pili linahusu askari wenyewe. Wanamaji wa Kiingereza walilipwa zawadi ya fedha kulingana na watumwa waliookolewa na ukubwa wa jahazi lililokamatwa. Matokeo yake majahazi ya wafanyabiashara wasio na hatia nayo yalichomwa moto. Ukimlipa mtu kwa kukamata, atakamata tu, hata pasipo na cha kukamata. Kwa hiyo anayetaka wasafirishaji wawajibike lazima pia afikirie ni nani atakayeonewa.

Nitoke angani nishuke barabarani, maana huko ndiko maiti wanakohesabika. Juni 2012, Wahabeshi zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma. Walikuwa wamesongamanishwa ndani ya lori, wakakosa hewa, na miili yao ikatupwa porini. Machi 24, 2020, mkoani Tete, Msumbiji, lilifunguliwa kontena juu ya lori likakutwa na maiti 64 za Wahabeshi, na 14 tu waliokuwa hai. Wanasheria watatuambia kwamba hayo ni magendo ya wahamiaji na si biashara ya binadamu, kwa sababu watu wale walitaka kusafiri. Tofauti hiyo ipo na ni muhimu mahakamani. Lakini ndani ya kontena lililofungwa kwa nje, hiari inakwisha pale komeo linapogonga.

Na watoto je? Mwaka 2022 BBC Africa Eye walionyesha watoto wenye ulemavu kutoka Tanzania wanaoombeshwa mitaani Nairobi, na jioni fedha zote zinachukuliwa na mabwana zao. Mtoto asiyeweza kutembea hafiki Nairobi kwa miguu yake. Kuna chombo kilichombeba, na chombo hicho kina namba, kina dereva na kina mwenyewe.

Kwamba mwenye chombo anaweza kufikiwa na mkono wa sheria, tumeona. Oktoba 2019 Wavietnamu 39 walikutwa wamekufa ndani ya tela huko Essex, Uingereza. Mahakama haikuishia kwa dereva. Mmiliki wa kampuni ya malori, Ronan Hughes, alihukumiwa Januari 2021 kifungo cha miaka 20. Kwetu mara nyingi ni utingo na dereva ndio wanaopandishwa kizimbani, na tajiri mwenye lori anakuja kulichukua lori lake.

Sheria kali kwetu zipo. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008. Ya Kenya ya mwaka 2010 inataja kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Na kusafirisha mtu kumetajwa waziwazi kama sehemu ya kosa. Tatizo ni kwamba ili umtie hatiani msafirishaji inabidi uthibitishe alijua. Sasa mfanyabiashara mwenye akili atafanya nini? Atahakikisha hajui! Hatauliza, hataandika, hatawafundisha wafanyakazi wake, maana kila anachokijua kinaweza kumfunga. Sheria yetu inampa tuzo mtu anayefumba macho. Hiki ndicho kiini cha hoja yangu.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuza. Wanasema shirika la ndege si polisi. Wanasema mhudumu wa kaunta akipewa kazi hii atawabughudhi mabinti wote wa Kiafrika wanaosafiri peke yao, wafanyabiashara halali na wanafunzi, huku wengine wakipita wakicheka. Dada zangu mlioko hapa mnajua vizuri mnavyotazamwa viwanjani. Na tumeona marufuku za jumla zinavyofanya kazi: Kenya ilizuia wafanyakazi wa ndani kwenda Uarabuni mwaka 2014 na Uganda ikazuia kwenda Saudi Arabia mwaka 2016, na mwaka 2017 zote mbili zikalegeza. Katikati ya hapo wasichana hawakuacha kwenda. Walipitishwa nchi jirani, kwa siri zaidi na kwa deni kubwa zaidi.

Uingereza nayo ilijifunza. Ilipoanza kuwatoza wenye malori pauni 2,000 kwa kila mtu aliyekutwa amejificha, Mahakama ya Rufaa mwaka 2002 ilisema utaratibu ule si wa haki, kwa sababu faini ilikuwa moja kwa wote na dereva ndiye aliyebebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Kwa hiyo sisemi mbebaji atozwe faini kwa kila binti aliyepita. Tukifanya hivyo atawakataa wote. Nasema aulizwe: ulichukua hatua gani? Ile ibara ya 83 ya China ina busara moja nzuri. Mhusika akithibitisha kwamba alichukua hatua za maana za kuzuia, adhabu inapunguzwa au anasamehewa. Kanuni hiyo waliyoiweka kwa ajili ya hati, tuihamishie kwa mtu.

Napendekeza mambo matano.

Kwanza, mafunzo yawe ya lazima. Mwaka 2018 ICAO, kwa kushirikiana na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, walitoa mwongozo wa kuwafundisha wahudumu wa ndege namna ya kumtambua mwathirika na kutoa taarifa bila kumhatarisha. Mwaka huo huo IATA walipitisha azimio lao. Marekani iliweka mafunzo hayo katika sheria tangu 2016. Mwongozo na azimio havimfungi mtu. Nchi zetu ziufanye wajibu huo kuwa sharti la leseni, kwa ndege, mabasi, boti na malori yavukayo mpaka.

Pili, waangalie malipo kabla ya sura. Mashirika yana kumbukumbu za kila tiketi: nani kalipa, kwa wakala yupi, kwa namba gani ya simu. Wakala mmoja akiwakatia tiketi wasichana ishirini wasiofahamiana, tiketi za dakika ya mwisho, simu ile ile, hilo linaonekana kwenye kompyuta kabla binti hajafika kaunta. Anayepaswa kuulizwa maswali ya kwanza ni mlipaji. Hivyo ndivyo tutakavyowaepusha dada zetu na bughudha.

Tatu, abiria mwenye dalili aulizwe faraghani, kwa lugha yake, na mtu aliyefundishwa. Asizuiwe kupanda kwa hisia tu. Mtu mzima anayejua anakokwenda na anataka kwenda, aende zake. Lakini apewe namba ya kupiga akikwama, na ijulikane kwamba namba hiyo inapokelewa usiku na mchana.

Nne, nauli ya kurudi. Leo abiria anayekataliwa mpakani anarudishwa kwa gharama ya mbebaji aliyemleta. Anarudishwa kama furushi, mara nyingi mikononi mwa yule yule aliyemtuma, na deni liko pale pale. Msafirishaji aliyeshindwa kuonyesha hatua zozote achangie kumrudisha mwathirika kwa heshima, na akabidhiwe kwa ustawi wa jamii, si kwa "mjomba" anayemsubiri nje ya uwanja.

Tano, anayetoa taarifa kwa nia njema alindwe. Utingo wa basi anayemnong'oneza askari wa Namanga au Tunduma asifukuzwe kazi kwa kumchelewesha tajiri. Na mwenye chombo anayerudia kosa anyang'anywe leseni, kwa nchi zote za Jumuiya kwa pamoja, ili asihamishe bendera kama wale manahodha wa Sur.

Mwisho, nigeuke kwetu sisi wenyewe, na hapa naomba mnisikilize kwa uvumilivu. Baadhi ya mawakala wa tiketi wanaotumika katika biashara hii wanaongea Kiswahili. Ofisi zao ziko Xiaobei, tunapanda nao lifti moja, tunakula nao wali mgahawa mmoja. Wanaoandika barua za mwaliko kwa watu wasiowajua wamo. Wanaompokea binti uwanjani kwa malipo na kumfikisha mlangoni, kisha wakasema "mimi nilitumwa tu," nao wamo. Usafirishaji hauanzii kwenye rubani peke yake. Hata dereva wa kukodi ni mbebaji.

Najua tunavyosema: tusichafue jina la nyumbani, Wachina watatuona wabaya sote. Hofu hiyo ina sababu. Aprili 2020 Waafrika wengi katika mji huu walitolewa kwenye nyumba na hoteli, bila kujali nani ana viza na nani hana. Aliyeonja hayo hataki tena kusikia neno polisi. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Tukinyamaza, anayelindwa si jina letu. Anayelindwa ni mtu anayelitumia jina letu kuuza watoto wetu.

Tunaweza kuanza bila kusubiri bunge lolote. Jumuiya zetu zikubaliane kwamba wakala wa tiketi au mpokeaji anayejulikana kwa kazi hii hatapewa biashara yetu hata moja: si tiketi, si mzigo, si kiti katika sherehe zetu. Mwanajumuiya anayeombwa kwenda kumpokea msichana Baiyun amuulize msichana mwenyewe, kabla ya kuondoka uwanjani: unamjua anayekusubiri? Pasipoti yako unayo mkononi? Mama yako anajua uko wapi? Maswali hayo matatu hayahitaji sheria wala bajeti. Na jibu likiwa hapana, kuna ubalozi, kuna viongozi wa jumuiya, kuna nyumba zetu.

Mimi nitaendelea kujaza makontena yangu. Kila katoni litakuwa na jina la mtumaji na la mpokeaji, kama sheria inavyotaka. Nauliza tu kama ni mengi mno kudai kwamba binti wa Tanga, wa Kisumu au wa Bukavu naye asafiri akiwa na mtu anayewajibika kwa usalama wake.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.